Bei Moja

Nimenunua gari nikiwa nimevaa kandambili,
jikoni, saa nne usiku, maharage yakichemka.
Kidole kilichagua rangi, kikachagua magurudumu,
bei ikasimama palepale kama nguzo ya umeme.
Nikatafuta pa kusema, "Punguza kidogo, ndugu yangu."
Hapakuwapo. Wala ndugu hakuwapo.

Mama aliuza viatu vya mitumba Tanga,
kila jozi na bei zake tatu:
ya mgeni, ya jirani,
na ya jioni, mawingu yakishakuwa meusi.
Alinifundisha kuondoka kibandani polepole,
miguu ikienda, sikio likibaki nyuma
lingoje kuitwa.
Simu ukiipa mgongo, inajizima.

Hapa Connecticut, nilielezwa, gari jipya
sharti lipitie mkononi mwa dalali;
kiwanda kisimuuzie mtu ana kwa ana.
Basi Jumamosi nikapanda treni Waterbury,
nikabadilisha Bridgeport, nikashuka Port Chester,
kituo cha kwanza ukishavuka kuingia New York,
kama mtu anayefuata magendo.
Kijana aliyenikabidhi hakuwa na funguo.
Alisema gari limeshanijua, kupitia simu yangu.
Hakulisifia. Hakuniuliza habari za watoto.
Dakika saba, nikawa barabarani
katika kimya cha kusikia bangili zangu zikigongana
kila nikikata kona.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Hawakusema, kikishajiuza, muuzaji aende wapi.

Nilimfikiria Leonard Fusco, na mashine yake ya bisi,
na vibendera vilivyochujuka juu ya magari yake.
Mwaka niliofika, nikiwa bado naogopa kutamka thelathini kwa Kiingereza
isije ikasikika kumi na tatu,
aliniuzia Corolla ya kijivu.
Tulivutana saa mbili nzima. Nikamshusha dola mia tisa,
nikatoka kichwa kimenivimba.
Kumbe alishazirudisha zote kwenye karatasi za mwisho:
dawa ya kutu, ada ya karani,
dhamana ya kitu ambacho mpaka leo sikijui.
Niligundua mwaka wa pili, nilipoyazoea maandishi madogo.
Na ni huyohuyo Fusco, usiku mmoja wa theluji,
aliyekuja mwenyewe na gari la kukokota,
pajama ikichungulia chini ya koti,
asinitoze hata senti.
Daftarini nimeshindwa kumweka,
upande wa deni au upande wa mali.

Jumatatu nikampelekea ile Corolla ainunue,
mwanangu Shaibu akiiendesha nyuma yangu.
Fusco akatoka, akalizunguka kwanza hili jipya,
mikono mfukoni,
kama mtu aliyefika msibani kwa watu asiowajua.
"Ulilipa ngapi?"
Nikamtajia.
"Uliwaomba wapunguze?"
"Nimwombe nani, Leonard?"
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa anahesabu.
Ndani, mashine ya bisi ilikuwa imefunikwa nailoni.

Kisha akaigeukia Corolla, akaipiga tairi teke.
"Elfu mbili."
Nikajikuta nimesimama kama mama yangu,
kiuno upande, mkoba kwapani.
Nikamwonyesha matairi, hata msimu hayajamaliza.
Nikamkumbusha viapo alivyoiapia siku ile, mkono kifuani.
Akainua macho mbinguni. Akataja gharama za kupaka rangi.
Akaongeza mia moja, kwa uchungu, kama anang'olewa jino.
Shaibu ananivuta: "Mama, twende, unaweza kuiuza kwenye simu."
Huyu mtoto.

Nikampa Fusco mgongo. Hatua ya kwanza. Ya pili.
Lami ilikuwa na barafu, nikawa na sababu mbili
za kwenda polepole.
Ya tano.
Akaliita jina langu,
akalikosea, kama miaka yote anavyolikosea,
nami sikugeuka upesi.